Uso Uliotangulia Kituoni

Saluni ya shangazi ilikuwa na swali lake moja lililoulizwa kutwa nzima, na wala halikuhusu nywele. "Nani ana mikono misafi?" Msusi akiwa na kichwa cha mtu mbele yake, vidole vimejaa jeli mpaka kwenye vifundo, simu ikilia hawezi kuigusa. Basi anaita, na yeyote aliye karibu mwenye mikono mikavu anampokelea, anamwandikia, anamtumia, na namba za siri zinatajwa kwa sauti juu ya mvumo wa mashine ya kukaushia, kama mtu anavyotaja bei ya nyanya. Mara nyingi mwenye mikono misafi ni mteja mwenyewe anayesukwa. Yeye amekaa tu, mikono mapajani, hana pa kwenda.

Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa. Ndivyo shangazi alivyofundishwa kazi, na ndivyo alivyomfundisha binti wa kaka yake, ambaye wateja walimwita Sindano kwa jinsi vidole vyake vilivyoingia na kutoka kichwani bila mtu kusikia maumivu. Sindano alikuwa na miaka kumi na tisa. Kitambulisho chake kilikuwa bado kinanukia plastiki mpya.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu mmoja wa chekechea. Kwenye sinki, msusi mwenzake aliyeitwa Redio alikuwa anakamua taulo huku akiwasimulia habari za ndoa isiyomhusu. Redio hakuwa na jina jingine pale. Hata mumewe akipiga simu aliuliza kama Redio yupo hewani. Mlango ukasukumwa, akaingia mama mmoja mwenye aproni ya kijani ya wafua nguo wa hospitali, viatu vyake vya mpira bado vina povu. Hakuketi. Alitazama maandishi mekundu yaliyobandikwa juu ya kioo kikubwa, akayasoma kwa midomo, kisha akayashusha macho mpaka yakatua kwa Sindano.

"Shikamoo, mama," Sindano alisema. "Karibu, kiti hicho. Unasuka au unaosha?"

Yule mama hakuitikia. "Ndiwe," alisema polepole. "Na wala hujajificha."

"Nijifiche nini, mama?"

"Mwanangu umempeleka wapi?"

Redio aliacha kukamua. Ilikuwa nadra sana kwa Redio kuzimika katikati ya habari.

Mama yule akatoa simu mfukoni mwa aproni na kuinyoosha mbele ya uso wa Sindano, karibu mno, mpaka ikambidi arudi nyuma hatua moja ili aone. Alijiona mwenyewe. Ameshika kitambulisho chini ya kidevu, anatabasamu kwa aibu kidogo, na nyuma yake kuna kioo kile kile na maandishi yale yale mekundu, herufi ya mwisho imebanduka nusu. Chini ya picha kulikuwa na maneno. Mikono yake ilikuwa na jeli, kwa hiyo ni Redio aliyeyasoma, kwa sauti iliyozidi kushuka.

"Usiogope, mdogo wangu. Hata mimi nilianza kama wewe. Kesho njoo kituo cha mabasi ya safari ndefu, lango la nyuma, kabla ya adhuhuri. Beba kitambulisho na vyeti vyako halisi, nakala hawazikubali. Mama atakataa, mama wote hukataa. Akikupigia usipokee, atakuvunja moyo tu. Siku hizi matapeli wamejaa, usimsikilize mtu yeyote ila mimi."

"Si mimi," Sindano alisema.

"Nilipiga namba iliyotuma maneno haya," mama alisema. "Haikupokelewa, lakini nilipojaribu kuitumia pesa jina la mwenye laini lilitokea." Akayataja majina matatu, la Sindano, la baba yake, na la babu yake, kwa mpangilio ule ule wa kwenye kitambulisho. Ukimtoa shangazi, hapakuwa na mtu mle ndani aliyelijua lile la tatu.

Mtu akitukanwa ana la kujibu. Mtu akiitwa kwa majina yake yote, na uso wake ukawekwa mbele yake, anajibu nini?

"Mwanangu ametimiza kumi na nane juzi tu," mama aliendelea. "Amemaliza shule, yuko nyumbani, kazi hakuna. Wiki nzima ananiambia habari za dada mmoja mwenye roho nzuri aliyempatia kazi hotelini, mbali huko. Nilimkataza, tukagombana, akanirushia maneno. Picha hii niliichukua jana kwenye simu yake akiwa anaoga. Leo nimetoka zamu, nimekuta kitanda kitupu na nguo zake hazipo. Nikazunguka saluni zote za upande huu nikisoma vioo. Sasa nimekuona. Wewe ni mtoto kama wangu. Nakuomba kwa heshima, kabla sijapiga kelele."

"Dada, subiri," shangazi alisema. Alikuwa ametoka chumba cha nyuma, dawa ya nywele mkononi. Aliitazama ile picha kwa muda. "Sindano, hii ulipiga lini?"

Alikumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulimtia woga kuliko picha. Ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kozi ya jioni ya vipodozi. Alikuwa na kichwa cha rasta ndefu za kuchukua siku nzima, na walitaka picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na nyingine akiwa amekishika. Akauliza nani ana mikono misafi. Mteja akacheka, akasema, "Nipe mimi, mdogo wangu, mimi niko hapa mpaka jioni." Sindano akakishika kitambulisho kwa ncha za vidole, mteja akampiga picha. Akaandika majina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, huku Sindano akimtajia bila kuacha kusuka. Akabonyeza hapa na pale, akasema tayari. Kumbe alikuwa amejitumia na yeye.

"Anafananaje?" shangazi aliuliza.

Sindano alifumba macho kumtafuta. Aliona kisogo. Aliona njia za nywele zilizonyooka, shingo nene yenye mkunjo mmoja, sikio la kushoto lenye matundu mawili. Alikuwa amemsimamia siku nzima, wamecheka, wamezungumza habari za maisha, na hakuweza kuuona uso wake hata kidogo. Yule mteja aliondoka na sura nzima ya Sindano, naye akabaki na kisogo.

"Simjui," alisema.

"Adhuhuri iko karibu," mama alisema. "Nikienda mimi akiniona atakimbilia gari lao. Ameshaambiwa nitakuja. Atakayemsikiliza ni wewe."

"Hapana," shangazi alisema, na akaenda kusimama mlangoni. "Mama, usinielewe vibaya, mtoto wako namwonea uchungu. Lakini huyu akienda kule, kila mtu kituoni atauona uso wake akiwa na binti yako. Mambo yakiharibika, watasema nini? Watasema tulimwona. Sindano, wewe keti hapa hapa, mbele ya watu, ili wapatikane wa kukushuhudia. Tuwaite polisi waende wao."

"Polisi watafika saa ngapi, shangazi?"

Shangazi aliegemea mlango. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na Sindano alijua kuwa ni ya kweli. Alitamani sana kukaa. Alitazama nusu ya kichwa cha mwalimu wa chekechea, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na mwalimu akamwambia kwa upole, "Nenda tu, mwanangu. Mimi siwezi kutoka hivi hata nikitaka."

Akanawa mikono. Shangazi alimwangalia ananawa, kisha akaondoka mlangoni taratibu.

"Basi mimi nakwenda ofisi za simu wafunge kila laini yenye jina lako," alisema. "Redio, kimbia polisi. Na leo sema machache, tena yale yanayohusika."

Kituo hakikuwa mbali. Walikimbia kwa uchochoro wa nyuma ya maghala, Sindano mbele na yule mama nyuma akihema, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye lami. Kila mtu aliyewatazama, Sindano alijiuliza kama ameshaiona picha. Alikuwa hajawahi kuogopa uso wake mwenyewe. Sasa aliubeba kama mtu aliyebeba mzigo asioujua una nini ndani, na njia nzima imejaa askari.

Karibu na ukuta wa vyoo alimwambia mama abaki. "Nikifanya hivi," alisema, akainua mkono, "ndipo uje."

"Na usipofanya?"

"Basi piga kelele ulizosema."

Lango la nyuma lilikuwa mahali pa kupakulia mizigo. Marobota, mapipa, wachukuzi wamelalia mikokoteni yao, mwanamke mmoja anauza maji. Binti alikuwa amesimama kando ya gari dogo jeupe, begi la shule mgongoni, bahasha ya vyeti ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa mdogo kuliko Sindano alivyomfikiria. Mwanamume wa makamo mwenye shati safi alikuwa anaweka mfuko wake wa nguo kwenye buti.

Binti alimwona kwanza. Uso wake wote ulifunguka. Akaja mbio na kumkumbatia, bahasha imebanwa katikati yao, na Sindano alisikia moyo wa mtoto yule unavyopiga.

"Dada, ulisema hutaweza kuja," binti alisema. "Nilikuwa naogopa kidogo. Sasa siogopi."

Sindano alimshika mabega. Alikuwa hajawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, na hata hakuwa yeye aliyeaminiwa.

Ndipo yule mwanamume alipofunga buti, akafuta mikono kwenye kitambaa, na kuinamisha kichwa kwa adabu. "Karibu, bosi. Tumeandikiana kwa simu tu siku zote hizi, leo nakuona ana kwa ana. Umefanana na picha yako."

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Alikuwa amekuja akijua atakutana na adui. Huyu alikuwa dereva wa teksi, amevaa shati la kazini, na alikuwa anamtumikia yeye. Siku zote hizi. Kwa hiyo wapo wengine aliowapeleka, na kila mmoja aliyepakiwa alipakiwa kwa amri ya Sindano. Wakiulizwa kesho, dereva atasema kweli tupu: huyu ndiye aliyenituma.

Alijikaza. Uongo ulikuwa umemfanya mkubwa wa watu hawa wawili, basi autumie ukubwa huo mara moja tu. "Safari imeahirishwa," alisema. "Mtolee mfuko wake."

"Imeahirishwa?" Binti alimtazama. "Lakini dada, asubuhi hii umeniambia…"

"Najua. Mambo yamebadilika."

Dereva alikuwa ameshainua kifuniko cha buti wakati simu ya binti ilipolia. Binti akaitazama, na Sindano akaiona pia. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na uso wa Sindano, unatabasamu, kitambulisho chini ya kidevu, na chini yake jina.

Binti aliutazama uso wa kwenye simu, akautazama uso uliokuwa mbele yake, kisha mikono ya Sindano isiyo na simu. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Akapokea, na kwa kuwa alikuwa bado amekumbatia bahasha, kidole chake kikagusa kipaza sauti.

"Mdogo wangu, umeshaingia kwenye gari?" Sauti ilikuwa tamu, haina haraka. Sindano aliitambua mara moja. Ilikuwa imecheka naye siku nzima.

"Dada… uko hapa," binti alisema. "Kuna mtu hapa. Ana sura yako."

Sauti ilijibu kama mtu anayepanga karata. "Sikiliza kwa makini. Nilikwambia matapeli wamejaa, sikukwambia? Huyo ameiba picha zangu. Mwulize nimezaliwa tarehe gani." Akaitaja tarehe ya kuzaliwa ya Sindano. Akataja mahali. Akamtaja baba, akamtaja babu. "Dereva, unanisikia? Mpakie mtoto, ondoka. Huyo ni mwizi. Muitie watu."

Neno mwizi mahali pale halihitaji kusemwa mara mbili. Mchukuzi mmoja alishuka kwenye mkokoteni wake. Mwingine akauliza, "Yuko wapi?" na muuza maji akanyoosha kidole kwa Sindano, bila ubaya wowote, kama mtu anayeelekeza choo. Duara likaanza kujifunga. Alitaka kuinua mkono amwite mama, akatambua kuwa kwa watu wale mkono ulioinuliwa ungeonekana umeinuliwa kupiga.

"Kila anachosema ni kweli," Sindano alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi waliokuwa karibu wanyamaze ili wasikie. "Tarehe ni hiyo. Baba ni huyo. Nilimtajia mwenyewe nikiwa namsuka, mikono yangu ikiwa michafu. Siwezi kukuthibitishia kitu, mdogo wangu. Vyote vya kuthibitishia anavyo yeye."

"Unaona? Amekiri," simu ilisema.

"Basi usiniamini. Usimwamini na yeye. Twende polisi sasa hivi, kwa miguu, wewe na mimi na dereva, na hawa wote watusindikize. Huko wanifunge wakitaka. Mimi niko tayari. Mwulize na yeye kama atakuja."

Binti alimtazama. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayajashuka. Akaisogeza simu mdomoni. "Dada, utakuja polisi?"

"Huna muda wa upuuzi huo. Nafasi itachukuliwa na mwenzako."

"Nauliza tu kama utakuja."

"Ingia garini, we mtoto. Unataka kurudi kwa mama yako ukafue mashuka?"

Utamu ulikuwa umetoka kwenye ile sauti. Dereva, aliyekuwa ameshika mlango wa gari, aliuachia. Alimfuata binti na kuinamia simu, na sasa uso wake nao ulikuwa na hofu, kwa sababu alikuwa anahesabu safari zake.

"Bosi, mimi nina familia," alisema. "Wale wawili wa mwezi uliopita niliowaacha pale kwenye nyumba yenye geti la bluu. Walifika kazini?"

Simu ikakatika.

Binti aliitia simu mfukoni. Kisha akaenda mwenyewe kwenye buti, akautoa mfuko wake, akauweka chini, akakaa juu yake. Mama alikuwa ameshatoka ukutani bila kungoja ishara. Alipita katikati ya wachukuzi kwa aproni yake ya kijani. Alipiga magoti, akamfungia mwanawe kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka, akaifunga kwa muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

Polisi waliokuja na Redio waliwachukua wote. Kwenye chumba cha maelezo kulikuwa na meza moja na benchi moja, na Sindano aliwekwa kwenye benchi peke yake, kwa kuwa dereva, alipoulizwa nani alimtuma, alimnyooshea kidole, sura pekee aliyoijua, na laini ilipotafutwa ilikuwa na jina lake. Mambo yalikuwa kama shangazi alivyosema. Askari mwanamke mwenye miwani aliandika bila haraka na bila kumkaripia. Aliuliza, akangoja, akauliza tena.

"Kwa hiyo unasema kuna mwingine."

"Ndiyo, afande."

"Anafananaje?"

Sindano alifumba macho, akakiona kile kisogo tena.

"Afande," binti alisema kutoka upande wa pili wa chumba. Mama yake alimshika mkono, naye akautoa taratibu, akaja kukaa kwenye benchi, karibu kabisa. "Mimi nimewasikia wote wawili kwa wakati mmoja. Huyu alikuwa mbele yangu amefunga mdomo, na yule anaongea. Andika hivyo. Na dereva amesikia."

"Nimesikia," dereva alisema, akitazama sakafu.

Askari akaandika. Mama naye akainuka, akaja akakaa upande wa pili, benchi likalia kwa uzito. "Mimi nilikuja kumpiga huyu," alimwambia askari. "Sasa anatoka hapa na mimi, hata kama ni kesho."

Shangazi alifika jioni inaanza, nywele zake zimejaa vumbi la foleni. Laini imefungwa, alisema. Lakini waligundua si moja. Zilikuwa nne, zote kwa majina matatu ya Sindano. Tatu zimefungwa, na ya nne iliandikishwa kwa mtandao mwingine, ofisi zao zimeshafungwa, mpaka asubuhi.

Askari aliivua miwani. Akampa dereva kalamu achore njia ya kwenda kwenye geti la bluu, akatoka kuita gari, na walisikia akitoa maelekezo kwa sauti ya haraka ambayo hakuwa ameitumia siku nzima.

Sindano alibaki katikati ya yule mama na mwanawe, mikono yake safi mapajani, haina la kufanya. Laini ya nne ilikuwa hai. Mahali fulani, dakika ile ile, binti mwingine alikuwa na begi lake limefungwa, anautazama uso wa Sindano kwenye simu, na moyo unamtulia.